Tuimarishe Mapaja, Tuyapunguzie Magoti Mzigo



Katika kutembelea vikundi tumeona akina mama wakiacha kuja mikutanoni kwa sababu ya magoti. Wanaambiwa, "Ni uzee huo, kaa tu." Lakini kukaa tu kunazidi kulegeza misuli, na goti linazidi kuelemewa.

Mbele ya paja kuna misuli 4 inayoungana kwenye pia ya goti. Ndiyo hutuinua kitini na kutushikilia tukiteremka mlima. Mjini watu huijenga kwa mashine ya kusukuma uzito kwa miguu. Sisi kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kinatosha.

Fanya hivi. Keti mbele kidogo ya kiti, nyayo zote chini, miguu iachane kiasi. Inama mbele, toa pumzi ukisimama. Magoti yaelekee vidole vya miguu, yasikutane. Ukifika juu usiyakaze kwa nguvu. Rudi chini polepole, usijitupe. Kushuka pia ni kazi. Anza na mara 5, ukizoea fika 10, siku 2 au 3 kwa wiki. Asiyeweza ajisukume kwa mikono, au atumie kiti kirefu zaidi.

Misuli kuuma kidogo ni kawaida. Lakini goti likivimba, likiwa na joto au likikataa kubeba mwili, acha, uende dispensari.

Basi, kabla ya kufungua mkutano, tusimame na kuketi pamoja mara 5. Na yule mama aliyebaki nyumbani, tumwendee. Kiti anacho tayari.