Tezi Dume: Kupasuliwa Tumbo au Kukwanguliwa?



Kukua kwa tezi dume uzeeni si saratani. Lakini mkojo ukiziba, figo huharibika. Wapo wanaovaa mpira wa mkojo miezi mingi, wakiuficha, kwa kuogopa kisu.

Njia ya zamani ni kupasua chini ya kitovu na kuitoa nyama iliyokua kwa kidole. Damu hupotea zaidi, na siku za kulazwa ni nyingi. Njia ya pili haiachi kovu: chombo chembamba hupitishwa katika njia ya mkojo, na waya wenye umeme huikwangua tezi kutoka ndani. Wengi wetu huitaka hii tu. Hata hivyo, tezi inayozidi takriban gramu 80 huchukua muda mrefu mno kukwanguliwa; hapo kupasua tumbo ndiyo busara, isipokuwa penye mashine ya leza. Basi anayepewa rufaa ya Bugando aulize kwanza ukubwa wa tezi yake.

Na lile lisemwalo kwa aibu: kwa njia zote hizo nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, ila mbegu mara nyingi hurudi kibofuni. Hilo halidhuru afya, lakini anayetaka mtoto amwambie daktari mapema.