Jela si Dawa ya Kila Kosa
(Hotuba ya mwanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya kazi yetu ya ustawi wa jamii huku pwani, toka Kilwa hata Lindi.

Chukueni mfano. Kijana wa Kivinje ameangua nazi za jirani. Akifungwa miezi sita, mwenye nazi hapati kitu. Serikali yamlisha mwizi, naye hutoka akiwa amefunzwa na wezi wakubwa. Nani kapata faida?

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 imetupa njia nyingine. Kifungo kinachostahili kisipozidi miaka 3, mahakama yaweza kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo, huku akilala kwake: afagie zahanati, afyeke uwanja wa shule. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inaruhusu aamriwe kumlipa fidia mwenye mali.

Lakini kabla ya hakimu kuamua, afisa probesheni huja mtaani kuuliza habari za kijana huyo. Hapo ndipo mnapohitajika, ninyi walimu, madiwani na watendaji wa kata. Semeni kweli, mabaya yake na mema yake. Akiletwa kwenu kufyeka, mpeni panga na msimamizi, msimpe matusi.

Nanyi vijana, msidhani ni mchezo. Kufanya kazi mbele ya macho ya uliyemwibia ni kuzito.