Gari la Babu na Mafungu Sita

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi mjini Busia, baada ya futari)



Wazazi wetu waheshimiwa, ndugu zangu na dada zangu. Nimeombwa nizungumze kuhusu kijana na familia yake. Mimi si sheikh, ni mwanafunzi tu wa chuo kikuu niliyepitia madrasa hapa hapa. Kwa hivyo sitoi fatwa. Nitawasimulia habari ya gari bovu.

Marehemu babu alikuwa na Land Rover aina ya Series III, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971. Akibebea omena kutoka Port Victoria na Sio Port kuja soko la Busia. Alipofariki, gari likabaki chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu. Kuku wakataga ndani yake. Miaka 11 ikapita hivyo.

Likizo iliyopita nikamwambia baba, tulifufue sisi wenyewe. Akakubali, na baba mdogo akakubali. Tukaliosha, nasi tukashangaa: bodi ilikuwa nzima! Sababu yake ni hii. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, wakati chuma nchini Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Kwa hivyo bodi ikaundwa kwa alumini, na alumini haishiki kutu kama chuma. Lakini chasi iliyo chini ni ya chuma. Fundi akaingia uvunguni, akagonga kwa nyundo, na nyundo ikatoboa. Akatuuliza, "Bodi nzuri, lakini mtaiweka juu ya nini?"

Basi usiku ule nikafungua daftari, naandika nani atachanga ngapi. Dada yangu mdogo ana miaka 13, na madrasa ndiyo kwanza wameanza somo la mirathi. Akaniuliza, "Kaka, kwani gari hili ni la nani?"

Tukanyamaza sote.

Babu alikuwa ameacha watoto wanne: wavulana wawili na wasichana wawili. Bibi na wazazi wa babu walikwisha kutangulia. Madeni yalilipwa, na wasia hakuacha. Hesabu yake hata mtoto wa madrasa anaiweza: mafungu sita, kila mwana mume mawili, kila binti moja. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ametaja shilingi 60,000. Maana yake kila shangazi alikuwa na 10,000 zake pale chini ya mwembe, na kwa miaka 11 hakuna aliyewaambia. Nasi tulikuwa karibu kuipaka rangi mali ya watu!

Baba alikasirika kidogo, sitawaficha. Akasema, "Wale ni dada zangu, hawajanidai." Dada akajibu kwa upole, "Hawajadai baba, lakini ni yao." Siku mbili baba hakulitaja tena gari. Siku ya tatu, baada ya Alfajiri, akaniambia nivae twende Malaba.

Shangazi wa Malaba huwauzia chakula madereva wa malori. Baba akamweleza yote mbele yangu, akamwomba radhi. Shangazi akalia. Akasema, "Elfu kumi si kitu kaka. Lakini miaka yote hii hukuniuliza." Ndugu zangu, neno lile sijalisahau mpaka leo.

Tukaita mafundi wawili walithamini gari kabla hatujaligusa, wakakubaliana na zile 60,000. Shangazi wa Mumias akataka pesa yake, ana karo ya kulipa. Baba akalinunua fungu lake na kumlipa kwa awamu mbili. Yule wa Malaba akabaki mwenzetu, na ndiye aliyetutafutia fundi wa kuchomelea chasi za malori.

Sasa kazi inaendelea. Tulifungua bodi yote, tukakwaruza kutu kwa brashi ya waya, chasi ikachomelewa vyuma vipya. Tuliweka raba kati ya alumini na chuma, kwa sababu vikigusana na maji yakakaa hapo, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Kabureta imesafishwa na injini imenguruma. Breki bado. Mwezi huu tunafanya baada ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali, maana funga na nyundo havipatani! Logibuku nayo bado ina jina la babu, na hiyo pia tunaishughulikia kwa njia ya sheria.

Vijana wenzangu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama ya kadhi uwezo wa kusikiliza mirathi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda huko. Njia ipo. Tusingoje mpaka tugombane.

Leo ukirudi nyumbani, tazama lile shamba, ile ploti, hata cherehani ya marehemu bibi. Uliza kwa adabu: hii ni ya nani? Huenda wakubwa wakakasirika siku mbili. Wavumilie. Na kama kuna shangazi ambaye hajaulizwa, mpeleke baba akamwone kabla ya Idi.