Debe Moja, Bei Moja: Lakini Kiwandani Je?

Ndugu zangu wa Mbinga, na ninyi wa Mbamba Bay na Liuli, na sisi tuliotawanyika huku Uingereza, leo tuongee ujira.

Shambani, kahawa ikiiva, kibarua hulipwa kwa debe. Debe la mama na la baba bei moja, basi watu wanasema usawa upo. Haya, twendeni kiwandani. Fikiria kiwanda cha kukoboa kahawa: wanaume wanabeba magunia, wanawake wamekaa wanachambua, punje mbovu huku, nzima kule, wameinamia meza kutwa. Mbeba magunia anawazidi malipo. Ukiuliza, unaambiwa kazi ni tofauti. Hapo ndipo tunapopigwa!

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 hakidai kazi iwe ileile. Kinadai thamani iwe sawa. Na punje mbovu zikipita, kahawa inashuka daraja, bei inaporomoka. Thamani hiyo ameilinda nani?

Huku Uingereza, mjini Dagenham, mwaka 1968, akina mama waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari ya Ford waligoma. Walirudi kazini na asilimia 92 ya ujira wa wanaume, na Sheria ya Malipo Sawa ikapitishwa 1970. Lakini waliendelea kuwekwa daraja la watu wasio na ujuzi hadi 1984, tena baada ya mgomo mwingine. Miaka 16! Kwa hiyo, dada zangu, mkikaa kwenye meza ya majadiliano anzeni na daraja la kazi. Shilingi zifuate.

Kukaa mezani kunataka wingi. Mashambani kuna chama cha wafanyakazi cha TPAWU, viwandani TUICO, vyote chini ya shirikisho la TUCTA. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika, mwajiri anapaswa kukitambua. Siku 30 zikipita bila makubaliano ya kukitambua, chama kinaweza kulipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mkataba wa hali bora ukija, someni jedwali la madaraja kabla ya kusaini.

Yupo mama ambaye haya yote hayamgusi: anayechuma shamba la mumewe. Hana mwajiri wa kujadiliana naye, na fedha za chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) zinaingia kwa mwanachama aliyeandikwa, mara nyingi baba. Huyo mlango wake ni mkutano mkuu wa AMCOS, akiwa ameandikishwa kwa jina lake mwenyewe.