Mkwewe Musa

Jirani yangu wa Bahati alikuwa akishona viatu na mwenzake katika soko la Kariokor. Siku moja mwenzake akamwambia mbele ya mteja kwamba soli zake zabanduka upesi. Kweli, angengoja mteja aondoke. Jirani akakasirika, akachukua nyundo na sindano zake, akaenda kufanya kazi peke yake. Sasa akiugua, kibanda hufungwa. Na soli zingali zabanduka.

Musa naye aliamua mashauri ya watu peke yake, tangu asubuhi hata jioni. Katika Kutoka 18, Yethro mkwewe, mgeni tu kutoka Midiani, alimkosoa. Musa hakununa, aliweka wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi.

Jirani, mwenzako yuko palepale Kariokor. Je, kesho utampitia?