Pigeni Picha Mto Wenu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Makueni)



Najua wengine wanajiuliza, mto wa mchanga una nini cha kupigwa picha? Kaiti miezi mingi ni mchanga tu na nyayo za punda. Lakini akina mama mnajua yaliyo chini. Ukichimba kidogo maji yanatoka, kwa sababu mchanga umeyaficha jua lisiyanyonye. Malori yakiubeba mpaka mwamba utokee, mvua ikinyesha maji yanapita mbio kwenda zake Athi, nawe unabaki na mtungi mtupu.

Picha inasaidia nini hapo? Mwaka 1937 afisa mmoja wa udongo, R. O. Barnes, alipiga picha vilima vya Machakos vilivyoliwa na mmomonyoko. Zaidi ya miaka 50 baadaye watafiti walirudi, wakasimama pale pale aliposimama yeye. Picha zao zilionyesha matuta na miti mahali palipokuwa uchi. Bila zile za zamani, nani angeamini kazi iliyofanywa na mwethya?

Basi chagueni mahali pasipohama: jiwe kubwa, au nguzo ya daraja. Simameni hapo hapo, mkitazama upande ule ule, kabla ya mvua na baada ya mvua. Simu inatosha. Lakini simu hupotea, kwa hiyo mkachapishe picha sokoni ziwekwe kwenye faili ya kikundi. Na tafadhali, msijipange mbele mkitabasamu! Tunataka kuuona mto. Mmoja tu asimame kando ya ukingo na jembe, tupate kipimo.

Nyuma ya picha andikeni tarehe na jina la mahali, lile wanalolitumia wazee. Hapa ndipo penye kazi. Kijana amuulize nyanya yake kona hii inaitwaje, kisima kilikuwa wapi, mkuyu gani ulisombwa na mafuriko. Kijana ambaye hajaambiwa hayo, akitazama mto anaona mchanga wa kuuza tu, na mimi simlaumu sana.

Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, lakini malori mengine huja usiku. Mkienda kwa chifu na maneno matupu, mtaambiwa mto ulikuwa hivyo tangu zamani. Nendeni na picha mbili za jiwe moja: katika ya kwanza mchanga umelifika kiunoni, katika ya pili limebaki wazi mpaka chini. Mvua za Novemba zisiwakute hamjapiga ya kwanza.