Joto Kali, Mama Mjamzito na Mipango ya Wadi



Mtu wa Pwani hulelewa na joto, ndiyo maana likimdhuru halilaumu. Mafuriko yakikata barabara, kila mtu huona na mkandarasi huitwa. Mama akijifungua kabla ya miezi kutimia wakati wa kaskazi, watu husema ni kudra na mambo huishia hapo.

Watafiti waliokusanya tafiti 70 kutoka nchi 27, wakachapisha matokeo mwaka 2020, walionyesha kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kwa takriban asilimia 5. Wakati wa mawimbi ya joto huongezeka kwa asilimia 16.

Hapa Kilifi, watafiti waliwahoji kina mama, waume zao, mama wakwe na wahudumu wa afya ya jamii. Walipata jambo ambalo kipimajoto hakisemi: mja mzito huendelea kuchota maji, kutafuta kuni na kulima juani hadi siku zake zikikaribia, na akishajifungua harudi kupumzika kwa muda mrefu. Kumwambia akae kivulini ni rahisi. Maji atachota nani? Ndiyo sababu waume na mama wakwe walishirikishwa katika kutafuta suluhisho.

Mji wa Ahmedabad, India, ulijifunza kwa uchungu. Mei 2010 joto lilipita nyuzi 46, na vifo vikazidi vya kawaida kwa 1,344. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, wenye tahadhari za mapema na mafunzo kwa wahudumu. Katika hospitali moja mjini humo, wodi ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Ilihamishiwa chini, na watoto waliolazwa kwa sababu ya joto wakapungua.

Kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi, zinazofadhiliwa kupitia FLLoCA, hupanga miradi kwa mapendekezo ya wakazi. Mara nyingi hutajwa mabwawa na miche. Mfereji ulio karibu na boma nao ni mradi wa uzazi salama, na ushahidi upo. Kwenye kikao kijacho cha wadi, semeni kina mama hutembea umbali gani kufuata maji, na kama zahanati yenu ina kivuli wanapongojea kliniki.